Rivyu za kununua: kisa cha John Locke na Todd Rutherford, na nani hasa alilipa bili

Wengi wanaojichapishia vitabu wameshasikia jina la John Locke likitajwa kama mfano wa mafanikio, yule mwandishi wa Marekani aliyekuwa wa kwanza kujichapishia mwenyewe na kufikisha mauzo ya vitabu pepe milioni moja kwenye Kindle, yaani mfumo wa Amazon wa kuuza na kusomea vitabu pepe, mwaka 2011, tena kwa vitabu vya senti 99. Nusu ya pili ya hiyo habari haisimuliwi sana. Mwezi Agosti 2012 gazeti la New York Times lilitoa ripoti kwamba sehemu ya zile nyota alizokuwa nazo Locke zilinunuliwa, rivyu kama 300 hivi, yaani yale maoni ya wasomaji yenye nyota moja mpaka tano, kutoka kwa mtu mmoja wa Oklahoma anaitwa Todd Rutherford ambaye alikuwa amefungua biashara ya kuandikia watu rivyu za vitabu vyao, unalipia moja au unachukua kifurushi.

Nataka nikipitie hiki kisa mwanzo mpaka mwisho kwa sababu kila nikikiona kinasimuliwa kinaishia "walidanganya, wakaumbuka, basi", na mimi naona hapo ndo hasa kinapoanza. Waliolipa bili kubwa sio Locke wala Rutherford. Ni maelfu ya waandishi wadogo ambao hawajawahi kununua hata rivyu moja.

Kwanza hali ilivyokuwa. Mwaka 2007 Amazon walitoa Kindle na pamoja nayo mfumo wa mtu yeyote kupakia kitabu chake mwenyewe, na mwaka 2010 wakaanza kumpa mwandishi asilimia 70 ya bei kama kitabu kinauzwa kati ya dola 2.99 na dola 9.99, ukitoka nje ya hapo, mfano senti 99, unapata asilimia 35. Kabla ya hapo kujichapishia kulimaanisha unatoa hela zako unachapa nakala mia kadhaa alafu maboksi yanakaa chumbani unayaangalia. Sasa gharama ya kuingia sokoni ikawa karibu na bure, watu wakaingia kwa wingi, na kila aliyeingia akakutana na tatizo lilelile: kitabu kipo, kinapatikana dunia nzima, na hakuna anayejua kipo.

Kampuni kubwa ya uchapishaji ina watu wa kupeleka kitabu magazetini, ina uwezo wa kukiweka meza ya mbele dukani, ina jina ambalo msomaji analiamini hata kama mwandishi hamjui. Anayejichapishia ana ukurasa mmoja tu, na kwenye huo ukurasa kuna jalada, maelezo ya kitabu, bei na nyota. Jalada kalitengeneza mwenyewe au kamlipa mtu, maelezo kaandika mwenyewe, bei kapanga mwenyewe, na mnunuzi anajua yote hayo, kwa hiyo kitu pekee pale ambacho mnunuzi anaweza kusema "hiki hakijatoka kwa mwenye kitabu" ni zile rivyu. Ndo maana kwa mwandishi wa kampuni kubwa rivyu za wateja ni nyongeza tu, ila kwa huyu wa kujichapishia ndo kila kitu, ndo gazeti lake, ndo duka lake, ndo ushuhuda wake wote. Na ukiwa na sifuri, yaani ukurasa umeandikwa hakuna maoni yoyote, msomaji anapita. Sio kwamba kakuchukia, hana tu sababu ya kuanza na wewe.

Rutherford aliliona hilo kwa karibu kwa sababu ya kazi aliyokuwa anafanya. Alikuwa kwenye kampuni inayotoa huduma kwa waandishi wanaojichapishia, kazi yake kuwatangaza, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuwaomba wahakiki wa mtandaoni waviangalie hivyo vitabu. Ukiwahi kuifanya hiyo kazi unajua ilivyo, unaomba watu wengi wanajibu wachache, na wanaojibu wanasoma kwa muda wao na kusema wanachotaka. Akaona kwanini niombe wakati naweza kuandika mwenyewe. Mwaka 2010 akafungua tovuti, GettingBookReviews, na bei zake zilikuwa wazi kabisa pale mbele: rivyu moja dola 99, rivyu 20 dola 499, rivyu 50 dola 999. Oda zikamiminika. Kwa mujibu wa ile ripoti ilifika mahali anaingiza mpaka dola 28,000 kwa mwezi.

Peke yake asingeweza, kwa hiyo akatafuta waandikaji kupitia matangazo ya kazi mtandaoni, na hapa kuna kipengele kimoja kidogo ambacho kwangu ndo moyo wa kisa chote. Mwandikaji akiona kitabu hakistahili nyota tano alikuwa na ruhusa ya kusema hivyo, na bado alilipwa, ila nusu. Soma tena hapo. Hakuna aliyelazimishwa kudanganya, hakuna aliyeambiwa "lazima usifie", kilichowekwa ni bei mbili tu, bei kamili ukisifia na nusu bei ukikataa kusifia, na kama unavyoweza kutegemea karibu hakuna aliyechagua nusu. Mmoja wa waandikaji hao aliliambia gazeti kwamba kwa rivyu ya maneno 50 alikuwa anaokota habari za kutosha mtandaoni bila kusoma kitu, na kwa ya maneno 300 alikuwa anatumia kama dakika 15 kwenye kitabu. Kwa miezi michache akatengeneza dola 12,500. Mpaka biashara inasimama zilikuwa zimeandikwa rivyu 4,531.

Rutherford alijitetea kwamba zile zilikuwa rivyu za kimasoko, zinaonyesha mazuri ya kitabu, sio uhakiki huru kama wa magazetini. Mimi siukubali huo utetezi, na sababu ni rahisi: ziliwekwa wapi? Tangazo likikaa mahali pa matangazo kila mtu anajua ni tangazo. Hizi ziliwekwa kwenye kisanduku ambacho msomaji anaamini kinatoka kwa mteja aliyenunua, akasoma, akaja kusema alivyoona. Thamani yote ya ile rivyu ya dola 99 ilitokana na msomaji kutojua kwamba imelipiwa, angejua isingekuwa na thamani hata ya senti.

Sasa Locke. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kentucky, alishafanya biashara ya bima kwa miaka, alianza kuandika riwaya za kusisimua akiwa mtu mzima. Alianza na kifurushi cha 50 alafu akaongeza mpaka kufika hizo kama 300. Kuna vitu viwili kwenye oda yake vinavyofaa kuangaliwa. Cha kwanza, alisema waandikaji wawe huru kusema kama hawakukipenda kitabu. Cha pili, aliomba wakinunue moja kwa moja Amazon, ili rivyu ionekane imetoka kwa mtu aliyenunua kweli. Yaani alielewa kwamba alichokuwa anatafuta sio sifa peke yake, ni dalili kwamba kuna watu wamepita hapa. Ukurasa wenye watu.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana namba zinaonyesha kwanini hii biashara ilimfaa mtu kama Locke na kwanini ilimuumiza mtu mdogo. Dola 999 kwa rivyu 50 ni kama dola 20 kila moja. Kitabu cha senti 99 kwa asilimia 35 kinamwachia mwandishi kama senti 35. Kwa hiyo kurudisha hela ya rivyu moja unahitaji kuuza nakala kama 58, na kifurushi kizima cha 50 kinataka karibu nakala 2,900 ndo urudi sifuri. Mtu aliyefika nakala milioni moja, hata tukisema zote aliziuza kwa bei hiyo ya chini, ameingiza kama dola 346,000, na rivyu 300 kwa bei ya kifurushi ni kama dola 6,000, haifiki asilimia mbili. Kwake ni gharama ya kawaida ya biashara. Ila mwandishi anayeuza nakala 20 kwa mwezi, rivyu moja ya bei ya kifurushi inamla karibu miezi mitatu ya mauzo, na kama hana hela ya kifurushi akanunua moja kwa dola 99 basi ni nakala zaidi ya 280, zaidi ya mwaka mzima. Zile dola 28,000 kwa mwezi hazikutoka kwa akina Locke wengi, kwa sababu hawakuwepo wengi. Zilitoka kwa watu waliokuwa na kitabu kimoja na matumaini.

Je rivyu ndo zilimfikisha Locke kwenye milioni? Hapa watu wanagawanyika na mimi nadhani jibu la kweli liko katikati. Alikuwa na vitabu kadhaa vya mfululizo, kwa hiyo anayependa kimoja ananunua vyote, bei ilikuwa ndogo kuliko ya karibu kila mtu, na alikuwa anawajua wasomaji wake anawaandikia wao. Mwenyewe alipoulizwa na lile gazeti alisema rivyu ni sehemu ndogo kabisa ya mafanikio, ila akaongeza kwamba ni rahisi zaidi kuzinunua kuliko kujenga hadhira. Namwamini sehemu zote mbili. Rivyu za kununua haziwezi kumfanya mtu akirudie kitabu kibovu, ila zinaweza kumfanya akifungue, na kwa mtu asiyejulikana kufunguliwa ndo kazi ngumu kuliko zote.

Utafiti unaunga mkono hilo, na tulikuwa nao kabla hata ya kisa chenyewe. Mwaka 2006 Judith Chevalier na Dina Mayzlin walilinganisha vitabu vilevile kwenye maduka mawili ya mtandaoni, Amazon na Barnes & Noble, wakaona kwamba rivyu za kitabu zikiboreka upande mmoja mauzo yake upande huo yanapanda ukilinganisha na upande wa pili, na kwamba rivyu ya nyota moja inaumiza kuliko ya nyota tano inavyosaidia. Alafu mwaka 2010 Jonah Berger na wenzake wawili wakatoa utafiti mwingine, wao waliangalia uhakiki wa gazetini sio wa wateja, wakakuta uhakiki mbaya unapunguza mauzo ya mwandishi maarufu kwa kama asilimia 15 lakini kwa mwandishi asiyejulikana mauzo yanaongezeka, tena kwa asilimia 45. Ukizisoma pamoja zinaonekana kama zinapingana, ila mimi naona zinaongelea hatua mbili tofauti. Hatua ya kwanza ni mtu kujua upo, na hapo hata kusemwa vibaya kunasaidia. Hatua ya pili ni mtu ameshafika kwenye ukurasa wako anaamua anunue au asinunue, na hapo nyota moja inakata. Mwandishi wa kujichapishia anazihitaji hatua zote mbili kutoka kwenye kisanduku kimoja, hana gazeti la kumfanyia ya kwanza.

Biashara ya Rutherford ilivunjikaje? Sio polisi, sio mahakama. Mteja wake mmoja, mwandishi wa kujichapishia, alilipa akaona hapati alichoahidiwa kwa wakati, akaenda kulalamika kwenye tovuti za watumiaji, akamwaga kila kitu. Biashara ya kuuza sifa ikaangushwa na lalamiko la mteja, rivyu mbaya ya kweli. Google wakamfungia akaunti ya matangazo, Amazon wakaondoa baadhi ya zile rivyu, baadhi tu, sio zote. Na ripoti ya Agosti 2012 ilipotoka, Rutherford alikuwa ameshahamia kwenye kuuza magari ya kulala safarini.

Kwa Locke kilichowauma waandishi wenzake zaidi, na hili nadhani ni haki yao kabisa, ni kile kitabu chake cha mwaka 2011 cha kufundisha jinsi alivyouza milioni. Ndani yake kulikuwa na mbinu za Twitter, za kumjua msomaji wako, za kuandika makala zinazomvuta, na hakikutaja popote kwamba alilipia rivyu. Watu walikinunua hicho kitabu kwa hela yao, wakafuata hatua moja moja, wakakaa miezi wakisubiri, haikutokea, na wakajilaumu wenyewe kwamba hawana bidii au hawana kipaji. Kwangu hilo ni kubwa kuliko zile nyota. Kwenye nyota msomaji alipoteza senti 99 na jioni moja. Hapa watu walipewa ramani iliyofutwa njia moja.

Na sasa tunafika kwenye bili.

Jambo la kwanza lililotokea ni kwamba kashfa zikafuatana. Mwezi Septemba 2012, wiki chache tu baadaye, mwandishi wa Uingereza R.J. Ellory, huyu alikuwa na mchapishaji, hakuwa wa kujichapishia, akabainika kwamba alikuwa anajisifia kwa majina ya bandia na kuwapiga wenzake nyota za chini. Waandishi wengi wa Uingereza, wakiwemo Lee Child, Ian Rankin na Val McDermid, wakasaini barua ya wazi kulaani tabia hiyo. Na haikuwa mpya, mwaka 2004 hitilafu kwenye tovuti ya Amazon ya Canada iliwahi kuonyesha majina halisi ya watu waliokuwa wanaandika rivyu bila jina, ikaonekana kuna waandishi wanajihakiki wenyewe, na mwaka 2010 mwanahistoria Orlando Figes alikiri kuandika rivyu za siri za kuwaponda wenzake. Nayataja haya kwa sababu lawama ilivyokuja kushuka, haikushuka kwa uwiano. Msomaji wa kawaida hakukumbuka Figes wala Ellory, alikumbuka "hawa wanaojichapishia wananunua rivyu".

Jambo la pili, Amazon wakaanza kufagia. Mwishoni mwa 2012 rivyu nyingi zikatoweka, na waliolalamika kwa sauti walikuwa waandishi, maana sheria yao ilisema huwezi kuhakiki bidhaa ambayo una maslahi nayo ya kifedha au inayoshindana moja kwa moja na yako, na ilivyotekelezwa ikawagusa waandishi waliohakiki waandishi wenzao kwa nia safi kabisa. Sasa fikiria huku chini watu wanasoma nini. Mwandishi wa riwaya za mapenzi anasoma riwaya za mapenzi, ndo maana anaziandika! Marafiki zake wengi wa vitabu ni waandishi wenzake, na wasomaji wake wa mwanzo ndo haohao. Ukiwatoa hao unatoa karibu wote alionao.

Tuchukue mfano wa kitabu chenye rivyu 11. Mwandishi amezipata kwa mwaka na nusu, moja moja, nyingine kutoka kwa mtu asiyemjua kabisa ambaye aliandika aya tatu kuhusu mhusika mmoja mdogo ambaye hata mwandishi alishamsahau. Asubuhi anafungua ukurasa anakuta saba. Hakuna barua pepe, hakuna sababu, na akiandika kuuliza anajibiwa kwa maneno ya jumla kwamba rivyu zilizoondolewa zilikiuka masharti. Hajui ni masharti gani wala ni rivyu zipi walizoona zina kasoro, kwa hiyo hawezi hata kujua aepuke nini kesho. Mwenye rivyu 600 akipoteza nne hagundui. Huyu amepoteza zaidi ya theluthi.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwenye nyota mbaya. Kitabu chenye rivyu tano za nyota tano kikipata moja ya nyota moja, wastani wa kawaida unashuka kutoka 5 mpaka kama 4.3, siku moja, mtu mmoja, na huyo mtu pengine analalamika kwamba faili halikufunguka kwenye kifaa chake. Kwenye kitabu chenye rivyu 600 za nyota tano hiyo nyota moja haionekani hata kwenye desimali ya kwanza. Toka 2015 Amazon hawatumii wastani wa moja kwa moja, wanapima uzito kwa kuangalia vitu kama upya wa rivyu na kama mnunuzi kathibitishwa, na hiyo imesaidia kiasi, ila udogo unabaki udogo. Ukiwa na wachache kila mmoja ana uzito wa kukuangusha.

Jambo la tatu ndo baya kuliko yote, na halipimiki vizuri: shaka. Msomaji alishafundishwa na magazeti kwamba ukurasa wa mwandishi asiyejulikana wenye nyota tano tupu ni wa kuogopa. Sasa mwandishi mkweli mwenye rivyu sita, zote za nyota tano, zote za wasomaji wa kweli waliokipenda kitabu, anaonekana kama mteja wa Rutherford. Alichokifanyia kazi kwa uaminifu kinamgeuka ushahidi. Nimesikia waandishi wakisema wanafurahi wakipata rivyu ya nyota tatu, na mwanzoni inashangaza lakini ukifikiria ni kweli, nyota tatu yenye maelezo, kwamba mwanzo unavuta lakini katikati kinapoa na mwisho umeharakishwa, inamwambia anayepita kwamba hapa kuna binadamu aliyesoma mpaka mwisho. Inazifanya hata zile za nyota tano ziaminike.

Hofu hii ndo inalisha biashara mpya, maana mwenye shida hakosi mtu wa kumuuzia dawa. Utakutana na habari kwamba ukifikisha rivyu 50 algoridhimu ya Amazon, yaani mfumo wao wa kuchagua vitabu vya kuonyesha watu, inaanza kukutangaza bure. Hiyo namba inazunguka miaka yote, Amazon hawajawahi kutangaza kitu kama hicho, na wanaoirudia kwa nguvu mara nyingi ndo wanaouza hizo 50. Kuna makundi ya kubadilishana pia, nihakiki nikuhakiki, ambayo yanaonekana hayana madhara kwa sababu hakuna hela inayotembea, lakini masharti ya Amazon yanakataza kubadilishana rivyu, na kwenye mfumo watu wanaohakikiana kwa zamu wanaacha alama ya wazi. Mwandishi anaingia humo kwa kukata tamaa, na ndo huyohuyo kesho anakuta saba badala ya 11.

Upande wa sheria mambo yamesogea, polepole. Mwaka 2015 Amazon waliwashtaki watu 1,114 waliokuwa wanauza rivyu feki kupitia Fiverr, tovuti ambayo watu wanauza kazi ndogondogo. Mwezi Oktoba 2016 wakapiga marufuku rivyu za kupewa bidhaa bure au kwa punguzo, isipokuwa kwenye vitabu, kwa sababu nakala za mapema kwa wahakiki ni desturi ya zamani ya uchapishaji, na nadhani walifanya sawa kuiacha. Ili uandike rivyu Marekani unatakiwa uwe umetumia angalau dola 50 kwao ndani ya miezi 12, hii imepunguza akaunti za kutengeneza ingawa imewafungia nje na wasomaji wa kweli ambao wananunua kidogo. Mwezi Oktoba 2024 ikaanza kufanya kazi Marekani kanuni ya tume yao ya biashara, FTC, inayokataza kuuza na kununua rivyu feki, faini wakati huo ikiwa mpaka dola 51,744 kwa kila ukiukaji, na Uingereza nao wakaweka katazo lao toka Aprili 2025.

Ukiisoma hiyo kanuni ya FTC ukiwa na kisa hiki kichwani kuna sehemu inakugusa moja kwa moja. Inakataza kumlipa mtu au kumpa chochote kwa sharti la kusema jambo la aina fulani, zuri au baya, hata kama sharti halijatamkwa wazi. Yaani ile bei kamili ukisifia na nusu ukikataa. Mwaka 2010 mtu aliweza kusema "nimewaruhusu waseme ukweli" na ikasikika kama utetezi, leo hiyo tofauti ya malipo ndo kosa lenyewe.

Kwa anayejichapishia leo na ana sifuri, njia inayobaki wazi inafanana sana na ya Rutherford kwa nje na inatofautiana naye kwenye hilo sharti tu. Unatoa nakala za bure kabla kitabu hakijatoka, kwa watu wanaosoma aina hiyo ya vitabu, sio kwa shangazi na wanafunzi wenzako wa zamani, maana ndugu wa karibu na watu wa nyumbani wanaondolewa na pia hawatakuambia ukweli. Unawaambia hawadaiwi kitu, wakipenda kuandika waandike, nyota moja au tano ni juu yao, na wataje kwamba walipewa nakala. Wengi hawataandika. Unaweka ombi fupi ukurasa wa mwisho wa kitabu, pale ambapo aliyefika ni yule aliyemaliza. Huwajibu waliokuponda, hata wakikosea jina la mhusika mkuu. Na unaendelea na kitabu cha pili, kwa sababu rivyu za uaminifu zinakuja kwa mwendo wa watu kusoma, na kusoma kunachukua zaidi ya dakika 15.